Usiniambie Uko Sawa

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila unapofungua mdomo ukaniambia "niko poa". Ni ya zamani, mwanangu, na ilikuwa mbali sana na hapa Kiamunyi, huko ambako watu hutembea juu ya barafu kama sisi tunavyotembea juu ya barabara ya murram. Sijawahi kukusimulia kwa sababu siku hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe aliniomba ninyamaze. Nimenyamaza vya kutosha. Leo asubuhi nimekuona ukishuka ngazi kiupande, mkono mmoja ukutani, meno umeyauma, na nilipokuuliza una nini hukuniangalia mimi nyanya yako hata usoni. "Shosh, relax. Niko fiti."

Fiti! Na wiki ijayo unapanda ndege kwenda Nepal, kuzunguka na mzigo mgongoni mahali ambapo hakuna barabara wala hospitali, na hata hiyo simu yako itakuwa kioo cha kujitazamia tu. Tangu Jumamosi ile uliporudi kutoka kupanda Menengai na wenzako umekuwa ukivaa suruali ndefu ndani ya nyumba, wewe ambaye hata mvua ikinyesha uko na kaptura. Unadhani mimi sioni? Nimefundisha watoto kemia mpaka nikastaafu. Mtoto anayeficha kitu namjua kwa vile anavyokaa.

Basi keti. Sogeza hilo begi lako kwanza, limekaa hapa sebuleni siku nyingi, limenizidi urefu, na kila mgeni akiingia ananiuliza ni nani anahama. Chai iko kwenye chupa, jimiminie. Na usije ukaenda kuwaambia binamu zako kwamba Shosh amekukataza safari. Sijakataza. Mimi mwenyewe nimebeba begi kama hilo, nimelala kwenye hema kando ya barafu, nimekunywa maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye barafu yenyewe yakanifanya meno yote yalie. Unacheka. Mnadhani sisi tulizaliwa tukiwa na sweta na miwani.

Miaka ile watoto wengi wa kwetu walienda kusoma India. Mimi nilikuwa mji wa Chandigarh, na huko huko alikuwako babu yako, Guka Muchiri, mtoto wa shangazi yangu wa Molo, akisomea uhandisi. Ndiyo, huyo huyo wa Njoro, anayechechemea, ambaye mkimwuliza mguu ulifanya nini anawaambia ng'ombe alimkanyaga akiwa India. Mmecheka hiyo hadithi ya ng'ombe tangu mkiwa watoto. Iweke hapo kando kwanza, nitaifikia.

Tulikuwa na rafiki mmoja anaitwa Harjit, kijana wa huko huko, wa kilemba, mpole, na alikuwa amesomea mambo ya kupanda milima. Likizo ilipofika, joto la Chandigarh likawa halivumiliki, Harjit akasema twende naye Himalaya. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza: tupande basi mpaka barabara iishe, tufuate bonde kwa miguu na mizigo yetu, tufike kwenye mto wa barafu, tuupande mpaka pengo la juu kati ya vilele viwili, halafu tuteremkie upande wa pili ambako kuna watu tena. Mwenye farasi angetusaidia kubeba vyakula mpaka mwanzo wa barafu. Mimi nilikubali kwa furaha yenye woga kidogo, ambayo ndiyo furaha ya mtu mwenye akili.

Muchiri hakuwa na woga hata wa dawa. "Mimi ni mtu wa Molo," akamwambia Harjit, kana kwamba Harjit anajua Molo. "Baridi tunaamka nayo. Viazi vinaungua kwa baridi shambani na sisi tuko nje tunakamua ng'ombe. Na huko kwetu ni juu. Watu wa Rift Valley hatusikii mlima, si unaona wale wakimbiaji wetu?" Mwanangu, Muchiri hakuwahi kukimbia popote isipokuwa kengele ya chakula ilipolia bwenini. Lakini wakimbiaji wote wa kwetu, kila medali waliyoileta nyumbani, aliigeuza ikawa mapafu yake mwenyewe. Nawe nakusikia kwenye simu na wenzako: mmepanda Longonot, mmezunguka Menengai, kwa hivyo Nepal ni Menengai yenye theluji. Nikisikia hivyo natoka nje nikaangalie kuku, nisije nikasema neno.

Katika mji wa mwisho, Manali, tulienda sokoni kununua viatu. Harjit akatuchagulia vya ngozi, vizito, vyenye meno chini. Mimi nikanunua vyangu. Muchiri akaona kwenye duka la pili gambuti nyeusi, viatu virefu vya mpira, zimepangwa, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Unawajua watu wa Molo na gambuti: shambani, sokoni, na wengine hata kanisani kama matope yamezidi. Harjit akamwambia kwa upole kwamba gambuti hazifai kwenye barafu, mguu unatoka jasho ndani, na jasho likipoa ndipo matata yanapoanza. Muchiri akapiga zile gambuti makofi ya kirafiki. Akasema amezaliwa ndani yake. Nilimwomba, nikamgombeza, nikamwambia nitamwandikia mama yake, lakini akazinunua.

Tukaanza kutembea. Sitakudanganya, mwanangu, ilikuwa nzuri. Mabonde ya huko yanakaa wazi, hayana miti, mto uko chini unanguruma na rangi yake ni ya maji ya kuoshea mchele. Milima inasimama pande zote, si kama hapa ambapo unaona mlima mmoja unaujua jina. Ukikohoa, kikohozi chako kinakurudia. Kuna saa nilitembea peke yangu mbele, mkoba ukinikata mabega, nikajikuta naimba nyimbo za kanisani kwetu Bahati kwa sauti kubwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunicheka. Kwa hivyo ninapokwambia nenda, nasema kwa moyo. Nataka nawe uione hiyo.

Kila asubuhi Harjit alitukalisha kabla ya kufunga mahema. Alikuwa ametueleza siku ya kwanza kwamba mlima mrefu humwingia mtu polepole. Kichwa kinaanza kuuma, chakula kinakataa, usingizi unakimbia. Ukisema mapema, mnapumzika na mwili unazoea. Ukinyamaza ukaendelea kupanda, ugonjwa unazidi, akili inavurugika, na mtu anaweza kufa akiwa ameketi tu. Kwa hivyo yeye aliuliza: kichwa? tumbo? usingizi? Mimi nikamwambia kichwa kinaniuma. Tukapumzika siku hiyo mahali palepale, nikanywa maji mengi, kikaacha. Sikufa kwa aibu.

Muchiri akiulizwa, jibu lilikuwa limeshatoka kabla swali halijaisha. Sawa. Okay. Mzuri. Ukimwuliza kichwa, mzuri. Tumbo, mzuri. Alikuwa mwanamume aliyetahiriwa kwa baridi ya Molo akiwa amesimama kimya, na sasa amwambie mtu wa kilemba, mbele ya msichana tena, kwamba kichwa kinamuuma? Haiwezekani. Mwanamume wa kwetu afadhali aanguke.

Nikaanza kuona hali. Yeye ambaye bwenini alikuwa akimaliza sufuria ya wali na kuikwangua, sasa anashika bakuli la dengu, analizungusha mkononi, analirudisha. Nikamwuliza mbona huli. Unajua alinijibu nini?

"Nimefunga."

Nikasema umefunga nini, mlango?

"Nimefunga na kuomba. Kwa sababu ya mitihani."

Mwanangu, hebu fikiria hiyo. Mtu amepata ugonjwa wa mlima, anatapika nyuma ya mawe tukiwa hatumwoni, na anauficha kwa jina la Mungu! Na alijua anachokifanya, kwa sababu mtu wa kwetu akisema amefunga, nani atamwuliza zaidi? Nyinyi mkija kunitembelea mkisema mmefunga, mimi nafunika chakula na kunyamaza. Harjit naye, akiwa mtu wa dini yake, akainamisha kichwa kwa heshima. Nilihisi kuna kitu hakiko sawa, nikamzunguka huyo kijana kama mama kuku, nikamwuliza tena na tena, naye akawa mkali. "Wacha kunisumbua. Nimekwambia niko sawa."

Kabla ya kufika kwenye barafu tulivuka kijito. Mimi na Harjit tulivua viatu tukavuka miguu mitupu tukipiga kelele, maji yakikata kama wembe. Muchiri akavuka na gambuti zake, na katikati maji yakapita juu yakaingia ndani. Alipofika ng'ambo Harjit akamwambia akae, amwage maji, abadilishe soksi. Akasema atafanya baadaye, miguu ni mizuri. Hakufanya. Sababu alikuja kuniambia tukiwa wazee: alikuwa anaogopa akiinama kichwa kitapasuka, na akitapika mbele yetu tutajua.

Mwenye farasi akabaki hapo na mnyama wake atusubiri mpaka tuonekane juu, kisha arudi. Sisi tukapanda.

Sasa usifikirie mto wa barafu ni mweupe kama wa kwenye picha zako. Mwanzo wake ni mchafu, ni mawe na changarawe tupu, mpaka ukwangue na kiatu ndipo unaona chini ni barafu nyeusi inayong'aa. Unasikia maji yakikimbia ndani yake na hujui yako wapi. Mara unasikia mlio mkubwa, kama mtu ameangusha mabati, na hakuna kilichoanguka. Tukapanda mpaka mawe yakaisha, ukaanza weupe na zile nyufa za rangi ya samawati. Harjit akatufunga kwa kamba, yeye mbele, Muchiri katikati, mimi nyuma. Pengo lile la juu likaonekana. Lilikuwa karibu, unaona kabisa upepo ukipeperusha theluji pale kwenye ukingo.

Kamba yangu ikaanza kukazika na kulegea ovyo. Muchiri anatembea, anasimama, anatembea kwenda pembeni, anasimama. Nikamwita nikamwuliza, "Muchiri, habari?"

"Mzuri."

Nikasema, "Unaenda upande huo kufanya nini?"

"Mzuri."

Nilidhani ananichezea. Nilikuwa nimechoka, nina hasira, nikamwambia neno ninalolijutia mpaka leo: "Muchiri, mama yako amekufa."

Akanigeukia akatabasamu vizuri kabisa, kama mtu anayesalimiwa baada ya ibada. "Mzuri," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata nilipokuwa nikizaa. Nikapiga kelele Harjit arudi. Tukamketisha kwenye mkoba. Harjit akamtazama machoni, akamwambia atembee kidogo kwa kufuata mstari, akayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mimi nikavuta gambuti. Ilikataa, tukaivuta watu wawili mpaka ikatoka, na soksi ilikuwa imeganda kwa barafu, imesimama yenyewe. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya mshumaa. Nilivigonga kwa kucha vikalia kama mti.

Harjit akasema tunashuka sasa hivi. Na unajua huyo mtu, akiwa hivyo, akili imehama, akasikia neno kushuka akaamka? Akashika kamba. Akasema pengo si liko hapo, amewaambia watu wote wa Molo kwamba atavuka, yeye yuko sawa. Nikamwambia, haya, kama uko sawa vaa kiatu chako. Nikamwekea gambuti mikononi.

Akaishika. Akaiangalia. Akaipakata kama mtoto mchanga, akaanza kuibembeleza, na akasahau kabisa kwamba kuna mguu.

Sikumwuliza tena kitu. Harjit akamvisha soksi zake kavu na viatu vyake vya akiba, tukaacha hema moja na nusu ya vyakula pale pale juu ya barafu, tukamshusha. Alikuwa mzito, mwanangu. Harjit mbele anatafuta njia, mimi nyuma nimekaza kamba kiunoni mpaka ngozi ikatoka, na nilikuwa nikimtukana njia nzima. Ndiyo, mimi mzee wa kanisa unayeniona. Nilimtukana kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kihindi kidogo nilichokuwa nacho. Nilikuwa na hasira kuliko hofu, kwa sababu hofu ingenifanya nikae chini nilie, na nani angemshusha?

Mwenye farasi, asante kwa Mungu, alikuwa bado hajaondoka. Alituona tukirudi akaja na farasi mpaka kwenye mawe. Tuliposhuka chini zaidi, Muchiri akaanza kurudi. Macho yakatulia. Akaniangalia akiwa juu ya farasi, machozi yakamtoka, akasema, "Kichwa kimeniuma tangu siku ya kwanza."

Tangu siku ya kwanza! Nilitaka kumvuta kutoka kwenye huyo farasi nimpige. Tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi ameulizwa kwa lugha anayoijua, na watu waliokuwa tayari kupumzika! Angesema mara moja tu, tungekaa siku mbili tukila biskuti, tungevuka lile pengo wote watatu, na vidole vyake angekuwa navyo mpaka leo. Tulipofika hospitali, vile vya mguu wa kushoto havikuwa vya kuokolewa. Walivikata, isipokuwa kile kidogo cha mwisho, ambacho mpaka leo anakiita mwenye bahati.

Sasa ng'ombe. Ng'ombe hakuna. Tulipokaribia kurudi nyumbani baada ya masomo, Muchiri akawaandikia watu wa Molo kwamba alikanyagwa na ng'ombe barabarani. Si watu wanajua India ng'ombe hutembea barabarani? Wote wakaamini. Wakamhurumia, wengine wakawachukia ng'ombe wa India. Nami akaniapisha ninyamaze. Niliweza kunyamaza mbele ya wote, lakini si mbele ya shangazi. Mama yake alituita jikoni siku ile ya kumkaribisha, nje watu wanakula mbuzi, akatuangalia, akasema, "Haya. Sasa niambieni." Nikasema yote. Muchiri akawa anaangalia moto.

Shangazi hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alikoroga sufuria yake akasema, "Mgeni akija hapa namwuliza habari. Anasema mzuri. Watoto ni wazuri, ng'ombe ni wazuri, mvua ni nzuri. Simwamini hata kidogo. Namwekea chai. Akimaliza anaweka kikombe chini, anapangusa mdomo, halafu ananiambia, 'Mama Muchiri, tumefiwa.' Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuingilia mlangoni tu. Muchiri, mimi ndiye niliyekufundisha kusema mzuri, usiaibishe mtu kwa shida zako akiwa bado amesimama. Lakini wewe ulilala hema moja na hawa watu, mkala pamoja, mkanywa chai zote hizo, na bado ulikuwa mlangoni?"

Kisha shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua jibu letu la kwanza si jibu. Ulimwuliza ukiwa umesimama, na mzigo mgongoni, unataka kuondoka. Ulitaka akwambie nini?"

Mimi! Niliyemburura kutoka kwenye barafu, niliyekuwa na kovu la kamba kiunoni! Nilitoka jikoni nimevimba, sikula hata hiyo mbuzi. Na mpaka leo naona alinionea, kidogo. Lakini nimekaa na maneno yake muda mrefu, na tangu siku hiyo kila mtu namwuliza habari mara mbili. Mara ya kwanza ni salamu, na anijibu mzuri, ni adabu, sina neno. Mara ya pili ni baada ya chai, na hapo nimeketi, sina haraka. Guka wako tukikutana Njoro ananiambia mzuri tukiwa kwenye geti, halafu kikombe kikiisha ananiambia mguu umemlaza macho, au kwamba anamkumbuka marehemu mkewe mpaka anashindwa kuwasha taa za nyumba. Alijifunza akiwa amechelewa, na kwa bei ya vidole, lakini alijifunza.

Basi sikia ninachokwambia, mwanangu. Milima ya huko haijui salamu. Yule atakayewaongoza akikuuliza asubuhi kichwa kikoje, hakusalimii, anataka kujua kama atarudi na wewe. Mjibu kama mtu anayejibu swali. Kichwa kikiuma sema kinauma, kabla hujaanza kujieleza wewe ni mtu wa wapi. Usifunge kule juu, Mungu atakungoja ufike chini. Viatu vikiingia maji, kaa uvimwage, wenzako wasimame wangoje, ndiyo maana ya kwenda pamoja. Na rafiki yako akikwambia yuko sawa huku anatembea kama amelewa, usiondoke na hilo jibu. Mketishe, mpe kitu cha moto, umwulize tena. Huyo rafiki yako Brayo namjua, na ukoo wao wote ni wa kusema mzuri.

Sasa chai yako umeimaliza. Kikombe kiko chini, nimekiona. Nami nimeketi na sina pa kwenda. Habari ya goti?

"Ah, Shosh. Ni kitu kidogo tu, litajipa lenyewe."

Siondoki. Kuku nitawaona baadaye.

"Shosh..."

Ninangoja.

"Linauma. Niliteleza kwa mawe kule Menengai, likajipinda. Kupanda naweza. Kushuka ndio mbaya, linaniacha tu. Na sijui nitawaambia nini kina Brayo, wamenisubiri mwaka mzima. Naogopa."

Haya. Asante, mwanangu. Pandisha hiyo suruali nione. Ona lilivyovimba, na wewe umelifungia ndani kama mwizi! Umeona sasa? Umesema, na nyumba bado imesimama. Kesho tunaenda wote kwa daktari, na nitaketi humo ndani umwambie hivyo hivyo, usianze kumwambia uko fiti. Akisema nenda, utaenda. Akisema ngoja, hilo begi litakaa hapa sebuleni na wageni wataendelea kuniuliza, na Nepal utaikuta. Leo jioni unampigia Brayo mwenyewe. Maneno yasipotoka, nipe simu.

Lete mikono yako nikutemee mate, kama nyanya yangu alivyonitemea nilipokuwa naenda kupanda ndege. Usikunje uso, ni baraka, utanawa ukitaka. Mungu wa wazazi wangu akupe miguu inayokurudisha. Akupe wenzako wasio na haraka, na ulimi usioona haya mbele yao. Ukapande mpaka uone kule tulikorudia sisi, na ukiwa pale juu upungie mkono upande wa Njoro kwa niaba ya yule mzee. Na siku utakayorudi, nikikuuliza habari yako hapo getini, sema mzuri, nitakusamehe. Halafu uingie ndani, uketi, uniambie mpaka chai ipoe.